Hotuba ya Ijumaa: Kodi ya Hewa Chafu na Mizani ya Uadilifu

HOTUBA YA KWANZA

Shukrani zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeziumba mbingu na ardhi kwa haki, akazipeleka pepo, akaiteremsha mvua kwa kipimo, na akamfanya mwanadamu kuwa khalifa katika ardhi ili amtazame vipi atakavyotenda. Twamhimidi, twamwomba msaada na msamaha, na twajilinda Kwake na shari za nafsi zetu. Twashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Mwenyezi Mungu, Mmoja, asiye na mshirika; na twashuhudia ya kwamba Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ammaa baad. Ndugu zetu katika imani, mliohudhuria msikitini na mnaotusikiliza majumbani, twaziusia nafsi zetu kwanza, kisha twawausia ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri. Na miongoni mwa kumcha ni kuzichunga haki za waja Wake. Haki ya Mwenyezi Mungu yaweza kusamehewa kwa toba, walakini haki ya mja haiondoki mpaka irudishwe kwa mwenyewe au yeye mwenyewe asamehe.

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu wakastaajabu kulisikia mimbarini, nalo ni kodi ya kaboni. Vijana wetu wa vyuoni wanaisoma, magazeti yanaiandika, na mataifa yamegombana kwa sababu yake. Uislamu haukuacha mlango wa mali za watu bila ya kuuwekea hukumu, basi haifai wanavyuoni wanyamaze, wakawaachia watu kubahatisha.

Kwanza tulifahamu lenyewe. Mtu achomapo makaa ya mawe, mafuta ya taa, dizeli au petroli, hutoka hewa ya kaboni. Lita moja ya petroli hutoa kiasi cha kilo 2 na thuluthi moja za hewa hiyo. Hewa hiyo haiishi upesi. Hukaa angani miaka mingi, ikalizuia joto lisitoke, mfano wa blanketi juu ya mtu aliyelala. Kabla ya viwanda vikubwa kuanza, katika kila chembe milioni moja za hewa, chembe 280 zilikuwa za kaboni. Leo zimepindukia 420. Ndiyo sababu ya joto kuzidi, na bahari kupanda, na majira ya mvua kugeuka. Ndugu zetu wa Pemba wanalijua hili bila ya kusoma kitabu, kwani maji ya chumvi yameingia katika mabonde yao ya mpunga.

Kodi ya kaboni, basi, ni kumtoza mwenye kuchoma kwa kadiri ya anavyochafua, ili apunguze, na ili gharama ya madhara isibebwe na asiyehusika. Nchi ya kwanza kuianzisha ilikuwa Finland, mwaka 1990. Sweden ikafuata mwaka 1991, ikaanza na krona 250 kwa kila tani, na leo imepita krona 1,000. Katika bara letu, Afrika Kusini iliianza tarehe 1 Juni 2019, kwa randi 120 kwa tani.

Sasa tutazame watu waliipokea vipi, kwani humo mna mazingatio. Watu wa Sweden waliikubali, na imedumu zaidi ya miaka 30. Hawakupenda kulipa kuliko watu wengine, kwani hakuna apendaye kulipa. Lakini ilipoletwa, iliambatana na kupunguzwa kodi ya mapato, nayo ikapandishwa polepole, mwaka hata mwaka, mpaka watu wakapata nafasi ya kubadili namna ya kupasha moto nyumba zao.

Ufaransa mambo yalikuwa kinyume. Kodi iliingia mwaka 2014 kwa yuro 7 kwa tani, na ilipofika mwaka 2018 ilikuwa yuro 44 na senti 60. Kwa mwenye gari, hizo ni kama senti 10 katika kila lita ya petroli. Mwaka huo huo wa 2018, serikali iliiondoa kodi ya zamani ya matajiri, ikabakisha ile ya majumba na ardhi tu. Mtu wa shamba asiye na treni wala basi, ambaye hana njia ya kwenda kazini ila kwa gari lake, akaona mzigo wake unaongezwa na wa tajiri unapunguzwa. Tarehe 17 Novemba 2018 watu wakatoka barabarani wakivaa vizibao vya manjano, nchi ikatikisika kwa wiki nyingi, na mwezi wa Desemba serikali ikaacha mpango wa kuipandisha.

Kanada nayo ilianza kutoza mafuta kwa sheria ya serikali kuu mwezi wa Aprili 2019, katika majimbo yasiyokuwa na mpango wao wenyewe. Huko sehemu kubwa ya fedha, kiasi cha asilimia 90, ilirudishwa kwa wananchi. Familia ya watu wanne katika jimbo la Alberta ilipangiwa dola 1,800 kwa mwaka wa 2024 na 2025. Kwa hesabu ya fedha zilizotolewa na zilizorudishwa, kaya nyingi zilipata zaidi ya zilivyotoa, ijapokuwa wataalamu walibishana juu ya athari nyingine za uchumi. Hata hivyo watu waliichukia. Wengi hawakujua kuwa wanarudishiwa, au walidhani wanachorudishiwa ni kidogo kuliko kilivyo. Bei waliiona kila walipotia mafuta, na marejesho yaliingia benki kimyakimya. Tarehe 1 Aprili 2025 kodi hiyo ya watumiaji ikaondolewa.

Nchini Uswisi, wananchi waliulizwa kwa kura tarehe 13 Juni 2021 kama waikubali sheria mpya ya kaboni yenye ushuru mkubwa zaidi. Asilimia 51.6 wakasema la.

Ndugu Waislamu, kuna jambo limetukuta sisi wenyewe, na amana ya elimu yatulazimu kulisema. Usiku mmoja katika darsa, baada ya sala ya Isha, tuliulizwa juu ya kodi hii. Tukajibu kwa haraka, tukasema: hiyo ni maksi. Na maksi, kama mjuavyo, ni ushuru wa dhulma waliokuwa wakitozwa wafanya biashara njiani na masokoni, na Mtume wetu (S.A.W.) amemtisha vikali mwenye kuutoza. Tulidhani tumelimaliza suala.

Akanyoosha mkono mwanafunzi mmoja, kijana mwenye haya, akasema: "Maalim wetu, niwie radhi. Umetusomesha Hadithi ya safina. Je, mwenye kutoboa safina akitozwa fidia, naye kadhulumiwa?"

Hadithi hiyo aliipokea Nuuman bin Bashir (R.A.), na imo katika Sahihi ya Imamu Bukhari. Mtume (S.A.W.) alitoa mfano wa watu waliopiga kura katika safina, wengine wakapata sehemu ya juu na wengine sehemu ya chini. Wa chini walikuwa wakipanda juu kuteka maji, wakaona wanawaudhi wenzao, wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao. Wakiachiwa, wataangamia wote. Na wakishikwa mikono, wataokoka wote.

Tulinyamaza. Kabla hatujapata la kusema, kijana akaongeza: "Na katika safina ya leo, Maalim, mimi naona wanaotoboa ni wa juu, na wanaolowa ni wa chini. Sasa atozwe nani?"

Tulimwambia: "Mwanangu, turudi vitabuni." Na wala hatuoni haya kulisema hili mbele yenu. Mwanachuoni anayeona aibu kusema "nilikosea" huwakosesha watu wengi pamoja naye.

Tulipovirudia vitabu, tukakuta kuwa maulamaa hawakuzichanganya kodi zote katika kapu moja. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, na Imamu Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 790, waliruhusu mtawala mwadilifu kuwatoza wenye uwezo zaidi ya Zaka, ikiwa hazina ni tupu na dharura ya umma ni ya kweli. Walakini waliufungua mlango huo kwa masharti. Haja iwe ya hakika, isiwe ya kubuni. Atozwe mwenye uwezo, kwa kadiri yake. Na fedha iende palepale iliposemwa itakwenda.

Na liko tukio kubwa zaidi la kutufundisha. Mamongoli walipoiteketeza Baghdad mwaka 1258, wakaendelea kuelekea Sham na Misri, Sultani Qutuz wa Misri alitaka kuwatoza raia ili aandae jeshi. Akawakusanya wanavyuoni, na miongoni mwao alikuwa Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam. Haja ilikuwa ya kweli, adui yuko mlangoni. Lakini Sheikh hakumkubalia hivi hivi. Alimwambia, kwa maana, ya kuwa si halali kuchukua mali za raia mpaka kwanza kisibaki kitu katika hazina, na ninyi watawala na maamiri muuze mishipi yenu ya dhahabu na vyombo vyenu vya fahari, kila mmoja abaki na farasi wake na silaha yake, muwe sawa na watu wa kawaida. Baada ya hapo ndipo mtawatoza watu. Na mwaka 1260, katika mwezi wa Ramadhani, jeshi la Misri likawashinda Mamongoli pale Ain Jalut.

Tazameni, ndugu zetu, Sheikh huyu hakusema kodi ni haramu, ilhali nchi inateketea. Wala hakusema kodi ni halali, ilhali mishipi ya dhahabu ingali viunoni mwa wakubwa. Alisema: anzeni na nafsi zenu.

Tukiipima Ufaransa ya mwaka 2018 kwa mizani hii, twaona kwa nini watu walikasirika. Haja ilikuwa ya kweli, lakini mishipi ya dhahabu ilikuwa haijauzwa. Na Sweden watu walivumilia kwa kuwa waliona upande mmoja wa mizani unaongezwa na upande wa pili unapunguzwa. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Ar-Rahman ameitaja mbingu aliyoinua pamoja na mizani aliyoweka, akatukataza kuipunja. Basi anayeichafua mbingu ameipunja mizani, na anayemtwisha maskini gharama ya kuisafisha, naye pia ameipunja.

Twasema haya, na twamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu na Waislamu wote. Mwombeni msamaha; hakika Yeye ndiye Mwingi wa kusamehe.

(Khatibu anakaa kidogo, kisha anasimama.)

HOTUBA YA PILI

Shukrani ni za Mwenyezi Mungu peke Yake, na rehema na amani zimshukie Mtume wa mwisho.

Ndugu Waislamu, tumesema juu ya watawala, na masikio yetu hupenda kusikia makosa ya watawala. Sasa tuseme juu ya nafsi zetu.

Si kila hasira juu ya kodi ni hasira ya haki. Mara nyingi ubakhili huvaa kanzu ya uadilifu ukaingia msikitini pamoja na watu. Mtu husema, "Wananionea," na moyoni mwake anakusudia, "Alipe mwenzangu." Tajiri wa nchi kubwa husema, "Sehemu yangu ni ndogo, wa kwanza awe jirani." Jirani naye husema vivyo hivyo. Na wakati huo safina inaingia maji. Wahenga wetu walisema: mchuma janga hula na wa kwao.

Na jambo la Kanada latufunza jingine. Watu waliamua juu ya mali yao wenyewe bila ya kujua hesabu yake. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Hujurat tuhakikishe habari anapotuletea fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Amri hii haihusu masengenyo ya mtaani pekee. Yahusu pia siasa, na yahusu uchumi. Mwenye kusema kodi fulani ni dhulma, naye hakuuliza yatozwa nani na yarudi kwa nani, amesema bila ya elimu. Na mwenye kusema ni nzuri, naye hakuuliza hayo hayo, ni sawa naye. Walakini lawama si ya raia peke yao. Serikali inayoficha hesabu, au inayoitoa kwa lugha wasiyoifahamu watu, ijilaumu yenyewe watu wanapokosa kuiamini.

Twarudi katika suala la kijana wetu: atozwe nani? Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa hii chafu inayotolewa duniani kila mwaka. Mama anayekoka moto wa kuni chini ya mbuyu, na mvuvi anayetweka tanga la ngalawa, hawakuijaza anga hii. Mwezi wa Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi, wakatoa tamko la kutaka dunia iwe na utaratibu wa kodi ya kaboni, ukigusa biashara ya mafuta na makaa, na meli, na ndege. Madai hayo yana msingi katika sheria yetu, kwani kanuni inayojulikana kwa mafakihi ni kwamba madhara lazima yaondolewe, na mwenye kuharibu hudhamini alichoharibu.

Lakini anayedai uadilifu kwa mataifa makubwa ana wajibu wa kuutenda nyumbani kwake. Mwaka uliofuata, 2024, mswada wa fedha wa Kenya ulileta kodi nyingi kwa pamoja, na miongoni mwazo ulikuwemo ushuru ulioitwa wa mazingira, juu ya bidhaa mbalimbali, hata zile za watoto wachanga. Hatusemi ushuru huo peke yake ndio uliowatoa vijana barabarani. Gharama za maisha na kutokuwaamini wakubwa kulitangulia. Tarehe 25 Juni wakafika Bungeni, roho za watu zikapotea, na kesho yake Rais akatangaza kuwa hatautia sahihi mswada ule. Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa. Funzo ni kwamba jina zuri la mazingira halitoshi kuihalalisha kodi machoni mwa watu walioona fedha zao za jana hazikufika zilikosemwa zitafika. Uaminifu ukishatoweka, hata dawa hudhaniwa sumu.

Basi msimamo wetu, baada ya kurudi vitabuni, ndio huu. Tuliyoyasema usiku ule tumeyaacha. Kumtoza mwenye kuchafua kwa kadiri ya uchafuzi wake si maksi, ikiwa haja ni ya kweli, na wakubwa wameanza na nafsi zao, na mnyonge amekingwa au amerudishiwa, na hesabu imewekwa wazi. Ikikosekana moja katika hizo, watu wana haki ya kuuliza, na kulalamika kwa njia njema, bila ya kuharibu mali wala kumwaga damu. Zikitimia zote, kisha mtu akakataa kwa kupenda mali tu, basi ajihesabu nafsi yake kabla hajahesabiwa.

Na ninyi wazazi, msingoje serikali katika lililo mikononi mwenu. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja tu cha maji, na akioga kwa pishi moja, naye ni kiongozi wa umma mzima. Wafundisheni watoto kuzima taa isiyotumika, kutokata mti bila ya kupanda mwingine, na kutojifaharisha kwa matumizi. Israfu ni haramu kwa tajiri na kwa maskini. Na Sayyidna Omar (R.A.), katika mwaka wa ukame mkubwa, alijizuia na samli na nyama mpaka raia wake wapate. Kiongozi wa namna hiyo akiomba kodi, nani atakayemkatalia?

Na ninyi wanafunzi, ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni. Kijana yule aliyenyoosha mkono hakutuvunjia heshima. Alituzuia tusitoe fatwa kwa ujinga, na Mwenyezi Mungu amlipe kheri kwa niaba yetu.

Ewe Mola wetu, turuzuku watawala wanaoanza na nafsi zao, na raia wanaopima kabla ya kusema. Ewe Mola wetu, tuepushe na ubakhili unaojificha nyuma ya haki, na dhulma inayojificha nyuma ya maslaha. Tuhifadhie visiwa vyetu na pwani zetu, visima vyetu na mabonde yetu. Tuteremshie mvua ya rehema, isiyokuwa ya gharika. Wasamehe wazee wetu, waponye wagonjwa wetu, warehemu maiti wetu. Na umrehemu Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu naye atawakumbuka, na mshukuruni kwa neema Zake atawazidishia. Simameni mkasali.